Neno "Washenzi" Likisomwa Uha: Maoni kuhusu *Peponi*

Kati ya riwaya nilizosoma karibuni, iliyonifikirisha zaidi ni *Peponi* (2022), tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya *Paradise* (1994) ya Abdulrazak Gurnah. Katika matini chanzi ya Kiingereza, neno "washenzi" limeachwa katika Kiswahili, hivyo humpa msomaji ladha ya ugeni. Katika tafsiri, ugeni huo unatoweka na tusi linabaki. Msomaji wa Kasulu, ambaye mababu zake wa Uha walitoza hongo misafara iliyoelekea Ujiji, hasomi habari za watu wa mbali. Anasoma jinsi wao walivyoitwa. Kwa hiyo, uhakiki wa tafsiri hii usiishie katika ulinganifu wa matini, bali uhoji pia ni nani anayesemwa.