Kisigino au Mbele ya Wayo

Kazi huanza kabla mtu hajakimbia. Kwenye njia ya udongo nje ya Eldoret, mpimaji huokota vijiwe na kusawazisha mita ishirini na ushei. Kamera huisimika chini, ikiikabili njia ubavuni, maana ikipinda kidogo tu pembe ya mguu itadanganya. Mkimbiaji hubandikwa alama kifundoni, gotini na nyongani. Halafu anaombwa asimame tuli apigwe picha. Kila wayo una mlalo wake wa asili, na mlalo huo utaondolewa baadaye katika hesabu.

Ndipo anakimbia. Kamera hunasa picha 500 kwa sekunde; mguu hukaa chini kama robo ya sekunde, kwa hiyo hatua moja huzaa picha zaidi ya mia. Mpimaji huzipitia moja moja, mbele na nyuma, akiitafuta ile ambayo ngozi imegusa vumbi kwa mara ya kwanza. Kimetangulia kisigino, katikati, au mbele ya wayo? Akipitiliza picha chache, jibu hugeuka, kwani mguu hulala upesi. Ni kazi ya kuchosha macho, na hakuna anayeishangilia.

Mwaka 2010, Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake, akiwemo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, walichapisha matokeo ya kazi ya namna hii katika jarida la Nature. Waliokulia pekupeku huku Bonde la Ufa walielekea kutua kwa mbele ya wayo, na kutua hivyo huondoa kishindo kikali cha kisigino. Nadharia ikawa tamu: binadamu aliumbika kukimbia hivyo kabla ya kiatu chenye soli nene. Wauza viatu waliidaka mapema kuliko ilivyostahili.

Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake wakaleta vipimo vya Wadaasanach, kaskazini mwa Kenya, nao pia watu wa pekupeku. Watu wazima 38 walipita juu ya mkeka unaosoma shinikizo la wayo. Kwa mwendo wanaouchagua wenyewe wa masafa marefu, asilimia 72 walitua kwa kisigino. Walipoongeza kasi, kisigino kilipungua. Watafiti wangeweza kurushiana maneno. Lakini Lieberman alirudi kuwapima Wakalenjin wa Bonde la Ufa, na makala ya mwaka 2015 ilitanguliza neno ‘tofauti’ hadi kwenye kichwa chake: mazoea ya kiatu yana uzito, ila hata wa pekupeku hawatui wote namna moja. Nadharia ilipungua ukubwa, nami naiamini zaidi sasa.

Kuna swali lingine pia, la kinachomjenga mwanariadha wa Kenya, lakini wanaochunguza maisha ya watu hawana kamera ya kunasa utoto. Vincent Onywera na wenzake walitumia dodoso, matokeo yakatoka 2006: wanariadha 404 wa Kenya waliulizwa walikozaliwa, lugha ya nyumbani, na walivyofika shuleni. Ustadi wa dodoso hilo ninauona katika watu 87 wasio wanariadha walioulizwa maswali yaleyale. Miongoni mwa wanariadha wa kimataifa, asilimia 81 walikuwa wakikimbia kwenda shule. Bila wale 87 namba hiyo ingebaki hadithi nzuri tu, maana labda kila mtoto hukimbia akiogopa kengele. Kwao ilikuwa asilimia 22.

Hata hivyo, mbio za shule zilimjenga mwanariadha, au zinaonyesha tu kwamba alikulia kijijini? Henrik Larsen na wenzake kutoka Denmark waliwapima wavulana Wanandi wa mjini na wa kijijini. Wa kijijini walianza na mapafu na moyo wenye uwezo mkubwa zaidi. Wakafundishwa mbio wote kwa wiki 12, wakapimwa upya pumzi na mapigo ya moyo kwa vifaa vilevile. Makundi yote mawili yalipanda, na wa kijijini hawakuonyesha kupokea mazoezi vizuri kuliko wa mjini.