Ufunguo Ukigoma Kutoka, Tazama Umegomea Wapi

Mpunga ukishavunwa, Ubaruku, mji wetu wa mpunga katika bonde la Usangu, haikosi vumbi. Mashine za kukoboa zinanguruma tangu asubuhi, pumba zinarushwa nje kwa bomba, na gari likiegeshwa karibu hufunikwa unga mwepesi wa kahawia kabla mwenyewe hajamaliza kupatana bei ya mchele. Hapo ndipo Toyota yangu ya otomatiki iliponinyima ufunguo. Niliweka gia kwenye P, nikazima injini, nikavuta. Nikavuta tena. Ufunguo ulikaa kwenye swichi kana kwamba umechomelewa, na redio ikaendelea kuimba.

Washauri hawakukosekana. Mmoja alitaka tumimine mafuta ya kula. Mwingine alikuja na plaizi, tayari amekunja mikono ya shati. Kijana fundi umeme wa magari aliyeitwa kutoka ng'ambo ya barabara hakushika kitu. Aliinama dirishani akauliza: "Bosi, redio inalia tangu ulipozima?" Nikamjibu ndiyo. "Basi huo ufunguo tuuache kwanza. Haujakwama, umezuiwa."

Alijuaje, na gari hajaligusa?

Swichi ya gari la Kijapani la aina hii ina vituo vinne. Cha kwanza ni LOCK, ambako ufunguo huingia na kutoka. Kinafuata ACC, kinachowasha redio na vitu vidogo vidogo, kisha ON, kisha START ya kupiga stata. Ndani ya kitasa kuna kiini kinachozunguka kwenye ganda lake, na kiini hicho kimebeba vibati vyembamba, kila kimoja na springi yake. Ufunguo ukiingia, meno yake huvipanga vibati vikalingana na uso wa kiini, na hapo tu ndipo kiini kinapata kuzunguka. Kikishazunguka, ukuta wa ganda huvizuia vibati visichomoze, navyo vinaukamata ufunguo. Kwa hiyo ufunguo uliosimama ACC hautoki kwa kuvutwa, hata kitasa kiwe kimetoka kiwandani jana. Redio inayolia ilimwambia fundi kwamba ufunguo wangu haukufika LOCK. Plaizi ingeukata tu.

Kinachozuia hatua hiyo ya mwisho, kutoka ACC kwenda LOCK, katika magari ya otomatiki ni loki iliyowekwa makusudi. Pembeni mwa kitasa hukaa solenoidi, yaani koili ndogo inayosukuma kipini umeme ukipita. Magari mengine hutumia kebo inayotoka kwenye mkono wa gia. Gia isipokuwa P, kipini hukaa njiani na ufunguo haurudi. Nia yake ni kwamba dereva asishuke na ufunguo mfukoni huku gari liko huru kuserereka. Marekani iliifanya loki ya namna hii kuwa sharti la sheria kwa magari mapya ya otomatiki tangu mwaka 1992, na Wajapani nao huiweka kwenye magari yao, yakiwamo haya tunayoyapokea yakiwa yametumika.

Lakini gia yangu ilikuwa P. Fundi alirudisha ufunguo ON, na taa ya P ikawaka kwenye dashibodi. Hapa ndipo wengi hupotea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Taa ya dashibodi hupata habari zake kutoka kwenye swichi iliyofungwa kwenye gia boksi, chini ya gari. Loki ya ufunguo haiisikilizi swichi hiyo. Ina swichi yake nyingine ndogo, iliyo kwenye kitako cha mkono wa gia, katikati ya viti. Gari lina P mbili, na yawezekana moja ikasema ndiyo na nyingine ikasema hapana. Gia boksi inakuwa imejifunga sawasawa, lakini kile kiswichi cha juu hakijabonyezwa hadi mwisho, na kipini hakiondoki.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa la bure. Alikanyaga breki, akautoa mkono wa gia P hadi N, akaurudisha P na kuusukuma mbele kwa kiganja, huku mkono mwingine ukizungusha ufunguo. Mara nyingi hilo peke yake linatosha, kwa kuwa kiswichi kinakosa milimita chache tu. Kwangu halikutosha.

La pili ndilo lililonipendeza, maana halikutengeneza kitu bali liligawa tatizo mara mbili. Alipandisha hendibreki, akaweka jiwe mbele na nyuma ya tairi, akafungua boneti na kuchomoa kichwa hasi cha betri. Solenoidi ya Toyota kama hii huzuia kwa nguvu ya umeme. Umeme ukikatika, springi hukirudisha kipini chake. Tukarudi ndani. Ufunguo ulizunguka hadi LOCK, ukatoka mkononi mwangu laini kabisa. Kwa spana moja ya namba kumi tulikuwa tumejua kwamba kitasa ni kizima, ufunguo ni mzima, na ugonjwa uko kwenye umeme wa mkono wa gia. Angalizo tu: yapo magari ya makampuni mengine ambayo loki yake huhitaji umeme ili iachie, na kwa hayo betri ikifa ndiyo inayoukamata ufunguo. Huko dawa ni kuazima umeme wa gari la jirani, si kuchomoa waya.

Alipofungua plastiki ya katikati, sababu ilionekana kwa macho. Soda iliyomwagika siku nyingi ilikuwa imeganda kuzunguka kiswichi, na juu yake vumbi la pumba limejibandika tabaka kwa tabaka. Ganda la mpunga lina silika kwa wingi, dutu ileile inayoupa mchanga ugumu, kwa hiyo unga wake ukichanganyika na sukari hupatikana kitu kinachoshika kama gundi na kusaga kama msasa. Alipuliza, akapiga dawa ya kusafishia viungo vya umeme, akabonyeza kiswichi mara kadhaa mpaka kikaanza kulia tik ya wazi.

Si kila ufunguo uliokwama Ubaruku una ugonjwa huu, na kituo ulichogomea ndicho kinachotenganisha. Kwenye Hilux au Hiace ya gia za mkono hakuna loki ya P, lakini nyingi zinataka ufunguo usukumwe kwa ndani ukiwa ACC ndipo uzunguke kwenda LOCK. Aliyezoea otomatiki akiazimwa pikapu huhangaika nusu saa kwa kutolijua hilo. Ufunguo ukigoma kutoka LOCK kwenda ACC, shika usukani kwanza: gari lililoegeshwa na tairi la mbele limeegemea tuta la jaruba huuvuta usukani, na usukani hukibana chuma cha loki yake. Utikise kushoto na kulia huku unazungusha ufunguo taratibu. Na ukifika LOCK kweli, redio imezima, lakini hautoki, hapo ndipo kitasa chenyewe au meno ya ufunguo vinapostahili kulaumiwa.

Kitasa hakitaki mafuta ya kula wala oili. Siku hiyo kitalainika, halafu kila chembe ya vumbi la Usangu itanata humo, na miezi michache baadaye vibati havitarudi mahali pake. Penseli inafaa zaidi. Kiini chake kina grafiti, ambayo huteleza ikiwa kavu. Sugua meno ya ufunguo pande zote, uingize na kuutoa mara nyingi, ufute, urudie. Kama ufunguo wenyewe ulichongwa kwa kunakiliwa kutoka ufunguo mchakavu, umerithi uchakavu wote, na penseli haitauponya. Tafuta ufunguo wa akiba wa asili, au mchongaji anayechonga kwa namba ya kiwandani.

Uzito nao una sehemu yake. Wengi wetu hapa tunafunga ufunguo wa gari pamoja na wa stoo, wa nyumba, wa kufuli la mashine, na fungu zima linaning'inia kwenye kitasa likicheza kila shimo la barabara. Mwaka 2014 General Motors iliita magari yake kwa mamilioni kwa sababu swichi yake ilikuwa legevu: ufunguo uliweza kurudi wenyewe kutoka ON hadi ACC gari likiwa kwenye mwendo, injini ikazima na mifuko ya hewa isifunguke. Zaidi ya watu mia moja walikufa. Wakati wakisubiri matengenezo, madereva waliambiwa watumie ufunguo mmoja mtupu, bila kitu kingine kwenye pete.

Kama kitasa ni cha kutolewa, kwenye Toyota nyingi hutoka bila kuvunjwa: kava la chini ya usukani likishafunguliwa, ufunguo huwekwa ACC, kipini kidogo hubonyezwa kupitia tundu la pembeni, na kitasa huvutwa. Lakini usukani umebeba mfuko wa hewa. Toyota huelekeza betri ichomolewe na kusubiriwa angalau sekunde 90 kabla ya kugusa eneo hilo, na waya zenye soketi ya njano ziachwe kama zilivyo. Nimeona mafundi wakiruka hatua hii na inanitia hofu kila mara.

Mmoja wa wale washauri, wa plaizi, aliuliza kwa nini tusikate waya wa solenoidi tukamaliza kabisa. Hufanywa sana, na ufunguo hautakwama tena. Fundi alikataa, nami namshukuru. Ubaruku ni tambarare, gari likisahauliwa N litasimama palepale. Gari hilohilo wiki ijayo linaweza kusimama kununua maji njiani kwenye mteremko wa Kitonga, na watoto wamo ndani.

Akafunga plastiki, akarudisha kichwa cha betri, akawasha. Alizima na kuutoa ufunguo gia ikiwa P, mara sita au saba mfululizo, nao ukatoka kila mara. Nilikuwa nishatoa pesa mfukoni, akaninyooshea kidole nisubiri. Akakanyaga breki, akaweka N, akajaribu kuurudisha ufunguo LOCK. Ukagoma. Akausukuma kwa nguvu kidogo, ukagoma tena.

"Sasa imepona," akasema, akarudisha P na kunikabidhi ufunguo.