Mataa Si Nafaka: Kasoro Katika Hukumu ya Shah Bano

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.).

Tarehe 23 Aprili 1985, Mahakama ya Juu ya India iliamua kuwa wakili Ahmed Khan aendelee kumlipa mtalaka wake, Bibi Shah Bano, rupia 179.20 kila mwezi hata baada ya eda. Alikuwa amemwacha mwaka 1978, baada ya ndoa ya zaidi ya miaka 40. Majaji walihukumu kwa sheria ya nchi, kisha wakaitolea ushahidi aya ya 241 ya Suratul Baqara. Hapo ndipo penye kasoro.

Aya hiyo inazungumzia mataa, si nafaka. Nafaka ni chakula, mavazi na makazi, na ina mpaka wake. Aliyeachwa talaka rejea huipata yote mpaka eda iishe. Aliyeachwa talaka bain naye ana hukumu yake: akiwa mjamzito hupewa nafaka mpaka ajifungue (65:6). Asipokuwa na mimba, Imam Shafi na Imam Malik wanampa makazi tu; Mahanafi wanampa nafaka na makazi; na Mahanbali hawampi chochote, kwa hadithi ya Fatima bint Qays. Ama ujira wa kunyonyesha na matumizi ya watoto, hizo ni haki nyingine kabisa.

Mataa ni kitulizo anachopewa mwanamke kwa kuvunjwa moyo, wala si ile ndoa ya muda. Hutolewa mara moja, kwa uwezo wa mume (2:236). Kuigeuza malipo ya kila mwezi ni kuchanganya milango miwili ya fikihi.

Lakini upande wa pili nao haukusalimika. Bodi ya Sheria za Kiislamu ya India ilidai mahakamani kuwa aya ile inawahusu wachamungu tu, si Waislamu wote. Mahanafi, ambao ndio wengi India, huona mataa ni suna isipokuwa kwa aliyeachwa kabla ya kuingiliwa na bila ya kutajiwa mahari. Hiyo ni rai yenye heshima. Ila kwetu Mashafi, kauli yenye nguvu ni kuwa mataa ni wajibu hata kwa aliyeingiliwa, kwani aya imeiita haki. Imam Nawawi katika Minhaj amependekeza isipungue dirhamu 30, na wakizozana, kadhi hukadiria kwa kuangalia hali za wote wawili.

Sheria ya India ya mwaka 1986 iliamuru mume atoe fungu la haki ndani ya eda, na mwaka 2001 mahakama ikafasiri kuwa fungu hilo liangalie maisha ya baadaye ya mwanamke. Hapo wamelikaribia lengo la mataa.

Tusiwacheke Wahindi. Ni wangapi kwetu huandika talaka, wakahesabu miezi mitatu, wakamtoa mwanamke mikono mitupu? Maimamu wenzangu, tunahimiza mahari siku ya ndoa. Tuitaje na mataa siku ya talaka. Hiyo ni haki ya mja, na haki ya mja haifutwi kwa kunyamaziwa.

Wallahu a'lam.