Mifupa ya Sentensi: Vijana, Wazee na Sheng katika Bunilizi ya Kiswahili Nchini Kenya

Mhakiki wa Kiswahili nchini Kenya akikutana na Sheng katika kazi ya fasihi, aghalabu huuliza mambo mawili: je, inaharibu lugha? Je, mwanafunzi ataiiga katika insha? Maswali haya ni halali, lakini ni ya mwalimu na mtahini. Linalomhusu mhakiki ni iwapo mhusika aliyewekwa mbele yetu angeweza kusema hayo anayosemeshwa.

Tuanze kwa kuwatendea haki waandishi. Si kila kijana wa riwaya anayesema Kiswahili sanifu ni kijana wa uongo. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, Amani na Imani wanazungumza lugha iliyokomaa, na wapo wasomaji waliolalamika kwamba vijana hawasemi hivyo. Lalamiko hili halina mashiko. Tomoko ni nchi ya kubuni, na Amani ni mtu aliyefika chuo kikuu kabla ya kutiwa gerezani, tena ni mwandishi aliyeibiwa mswada. Lugha yake imo ndani ya maisha yake. Tatizo linazuka pale hadithi inapotaja Nairobi kwa jina, ikatupeleka Jericho au Dandora, kisha ikatutaka tusadiki mazungumzo ya huko.

Tutumie mfano wa kujitungia, tusije tukamwonea mtu. Kijana wa hadithi anasema: "Keja yangu imevunjwa na makarao waliokuja usiku." Mwandishi anaamini kwamba ameandika Sheng, kwa kuwa nyumba imekuwa keja na askari wamekuwa makarao. Lakini mifupa ya sentensi ni ya mhariri: kauli ya kutendwa imetimia, na kirejeshi kimekaa mahali pake ndani ya kitenzi. Kijana mwenyewe angesema: "Makarao walikam usiku wakavunja keja." Akilazimika kutumia urejeshi, angesema "wale makarao wenye walikam". Na akitaka kueleza mazoea, angesema "wanakamanga", kwa kiambishi -anga ambacho Nairobi imekipokea kutoka katika lugha nyingine za Kibantu za Kenya.

Sasa tumsikilize jirani yake mzee. Yeye atasema: "Wale askari wenye walikuja usiku, wanakujanga hivyo." Msamiati umebadilika, sarufi haikubadilika. "Wenye" ni ile ile, -anga ni ile ile, na mzee huyo huyo atasema "kitabu yangu" bila kusita. Kwa hiyo mpaka kati ya rika na rika haupo pale ambapo waandishi wetu wengi wameuchora. Wao humpa kijana maneno ya mtaani na mzee methali, kisha wote wawili wakawapa sarufi ya darasani. Nairobi yenyewe imewapa wote wawili sarufi moja, ikawatenganisha kwa maneno na kwa adabu ya kuitana.

Lipo kosa la pili, nalo ni la hesabu. Wataalamu wengi huweka kukua kwa Sheng katika mitaa ya Eastlands miaka ya 1970, na Alamin Mazrui, katika makala yake ya 1995, aliirudisha mizizi yake hadi miaka ya 1930. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano Kaloleni mwaka 1975 sasa ni babu. Mwandishi anayemweka babu wa Kaloleni barazani, akamtemesha methali kama mzee wa Pate, hakumsikiliza babu huyo. Mzee ana Sheng yake. Imechakaa, wajukuu wanaicheka, lakini ni yake. Tena upinduaji wa silabi, ambao wengi hudhani ni uhuni wa mjini, ulikuwapo pwani kabla ya reli: Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja cha karne ya 19, aliweka mifano ya Kinyume, ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa, mbuzi akawa "zimbu".

Hoja ya kwamba Sheng huchakaa upesi, na kwa hiyo haifai kuandikwa, ina uzito wake. Hata hivyo, ndururu na sumuni zimekufa pamoja na sarafu zake, ilhali "mbao" ya shilingi ishirini ingali midomoni. Kinachochakaa hakijulikani mapema. David Maillu alichanganya Kiingereza na Kiswahili katika Without Kiinua Mgongo (1989), na kichwa chenyewe kinahusu malipo ya mstaafu, si posho ya kijana! Tangu mwaka 2010 jarida la katuni la Shujaaz limewasimulia vijana hadithi kwa Sheng. Huko hakuna aliyemngoja mhariri wa riwaya atoe idhini.

Nafasi kubwa ya kisanaa, kwa maoni yetu, imo katika kile kinachotokea mtu wa tatu anapoingia. Vijana wawili wamesimama mlangoni, "Niaje" imejibiwa kwa "Poa", mara nyanya anatokea na kikapu. Sauti inashuka, maneno yanabadilika katikati ya sentensi: "Habari yako, shosho?" Shosho naye amesikia yote, maana naye alikulia mtaa huo huo, lakini anajitia hakusikia. Mwandishi aliyewapa wote watatu Kiswahili kimoja cha darasani hana namna ya kutuonyesha kujitia huko.