Kimondo, Tabaka na Mashapo: Tahakiki ya Istilahi za Miamba Iliyofuata Mgongano wa Asteroidi

Tahakiki hii inachunguza istilahi tatu zinazotumika katika Kiswahili kueleza miamba iliyojengeka baada ya asteroidi kuigonga dunia miaka milioni 66 iliyopita. Hoja yake ni kwamba mbili kati ya istilahi hizo humwelekeza msomaji kusikostahili, ilhali ya tatu, mashapo, hubeba maelezo ya kisayansi ndani ya maana yake ya kawaida.

Istilahi ya kwanza ni kimondo. Neno hili hutaja mwale wa moto upitao angani usiku. Katika masimulizi ya pwani, mwale huo hurushwa kumfukuza shetani. Hutaja pia jiwe lililoanguka, mfano Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe. Kwa hiyo msomaji aambiwaye kwamba kimondo kiliangamiza dinosaria hutarajia kuonyeshwa bonge la chuma. Ushahidi haukuanzia huko. Mwaka 1980 Luis Alvarez, mwanawe Walter na wenzao walijenga hoja ya mgongano kwa kupima madini ya iridi katika udongo mwembamba wa mfinyanzi huko Gubbio, Italia. Shimo la Chicxulub nchini Meksiko lilihusishwa na tukio hilo mwaka 1991. Udongo ulitangulia kusema, shimo likathibitisha.

Istilahi ya pili ni miamba tabaka. Udhaifu wake ni kutaja umbo badala ya chanzo. Lava ya Kilimanjaro nayo imelala tabaka juu ya tabaka, lakini ilitokana na volkano. Zaidi ya hayo, neno tabaka linahitajika kwa kazi nyingine: kutaja ule udongo mmoja mwembamba unaotenganisha enzi mbili. Kundi zima likiitwa tabaka, tofauti hiyo hupotea.

Mashapo ni kile kinachotua chini kimiminika kinapotulia, kama mashapo ya kahawa. Neno lenyewe linadokeza mfuatano wa wakati. Katika ghuba ya Mlingotini, Bagamoyo, mkulima wa mwani anajua kwamba maji yakitibuka, mchanga hutua kwanza na tope laini baadaye. Vivyo hivyo, baada ya mgongano, vipande vizito vilianguka karibu na Chicxulub, na vumbi laini likaenea duniani kabla ya kutua.

Ulinganisho huo una mpaka, kwa kuwa tope la Mlingotini ni la jana tu kijiolojia. Miamba ya kipindi kinachojadiliwa inapatikana kusini zaidi, wilayani Kilwa. Mwaka 2006 wanajiolojia waliigawa miamba ya huko katika mafungu manne: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Fungu la Nangurukuru linavuka mpaka wa miaka milioni 66. Majina ni ya vijiji na miji ya Kilwa. Maelezo yalichapishwa kwa Kiingereza. Mwenyeji amebaki na jina bila habari yake.

Kisingizio cha uhaba wa maneno hakina mashiko hapa. Tahakiki inapendekeza asteroidi kwa kilichogonga, kimondo kwa mwale na jiwe lililoanguka, tabaka kwa safu moja, na miamba ya mashapo kwa kundi zima. Kwa mgawanyo huo, habari ya Nangurukuru inaweza kuandikwa ikaeleweka Nangurukuru kwenyewe.