Mkono Unaokijua Kimea

Uji wa mahindi ukiiva vizuri huwa mzito kiasi kwamba mwiko ukiachwa katikati ya sufuria unasimama. Mpika togwa huuepua, huuacha upoe, huujaribu kwa kidole, kisha hunyunyiza unga kidogo wa ulezi ulioota, yaani kimea, na kukoroga. Mkono haujachoka, uji umeshalegea. Haukuongezwa maji, ila sasa unamiminika; sukari haikutiwa, ila ulimi unaonja utamu. Humo sufuriani limepita tendo mojawapo la msingi kabisa katika kemia ya uhai: molekuli kubwa imekatwa vipande vidogo, na iliyoikata ni protini ya aina iitwayo kimeng'enya.

Ufundi huu wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, Ruvuma na Morogoro ninausifu kwa moyo wote. Seremala huupasua mti kwa nguvu zake na mfinyanzi huulazimisha udongo ufuate vidole vyake. Mpika togwa hamlazimishi yeyote. Kazi yake ni kuandaa unyevu, joto na muda, kisha kuwaachia watendaji asioweza kuwaona. Kufanya kazi namna hiyo, na kupata togwa ileile wiki hadi wiki, kunadai elimu kubwa.

Tuanze na wanga. Wanga ni glukosi zilizoshikana kwa mamia na maelfu, nyuzi nyingine zikiwa zimenyooka, nyingine zikiwa na matawi mengi. Ndani ya punje nyuzi hizo zimefungamana katika chembe ngumu. Maji yakipata moto kupita nyuzi joto 60 hivi, chembe huanza kunywa maji, kuvimba na kupasuka. Ndiyo maana uji huwa mzito, na ndiyo maana ugali hukamatana. Mwiko wenyewe nao ni wa ukoo huo: karibu nusu ya mti wake ni selulosi, na selulosi pia ni glukosi tupu zilizoungana. Tofauti iko kwenye kiungo kati ya glukosi moja na nyingine, namna kilivyoelekea. Mwili wetu una vimeng'enya vya kufungua kiungo cha ugali, wala hauna cha kufungua kile cha mwiko. Tofauti ndogo hivyo ndiyo inayotenga chakula na ubao.

Kimea nacho huanza na punje kavu iliyolala. Mpika huchambua ulezi, huuosha, huuloweka, huuchuja, kisha huufunika mahali penye unyevu kwa siku mbili tatu hadi uchipue. Kiinitete kikishalowana hupeleka homoni kwenye tabaka linalozunguka akiba ya wanga, na tabaka hilo hutengeneza amilasi, kimeng'enya cha kufungulia ghala ili mche upate chakula. Hapo ndipo mpika anapoingilia. Huuanika ulezi juani, mche unakoma kukua, amilasi inabaki salama. Akiwahi mno, vimeng'enya ni vichache. Akichelewa, mche umeshajilia akiba yake. Akitaka kukausha haraka kwenye kikaango cha moto, ameunguza chombo cha kazi yake yote. Na punje iliyozeeka isiyoota haimfai kitu, hata iwe safi namna gani.

Mwaka 1833, huko Ufaransa, wanakemia Anselme Payen na Jean-François Persoz walitoa kwenye kimea cha shayiri dutu iliyoweza kugeuza wanga kuwa sukari. Hiyo inahesabiwa kuwa kimeng'enya cha kwanza kutengwa maabara. Ilipita karibu karne nzima, hadi 1926, ndipo James Sumner wa Marekani alipopata fuwele za kimeng'enya cha ureasi kutoka kwenye maharage na kuonyesha kuwa ni protini. Nawaheshimu mabwana hao. Ila nakumbuka pia kwamba waotesha nafaka wa Afrika walikuwa wakikitegemea kimea na kukitunza zamani kabla maabara haijakipa jina lolote.

Sasa turudi kwenye kile kidole. Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja katika umbo maalumu, na kazi yake yote imo katika umbo hilo. Uji unaochemka hulikunjua, na likishakunjuka kimeng'enya hakikati tena. Uji uliopoa sana nao hukifanya kitende polepole. Katikati pana kipimo, na mpika anakijua kwa ngozi yake. Tena amilasi za kimea zina tabia mbili. Moja hukata nyuzi popote katikati, na kwa hiyo uji hulegea upesi. Nyingine huanzia ncha na kutoa glukosi mbilimbili, yaani maltosi, na kwa hiyo uji huwa mtamu. Mpika anapotazama wepesi kisha akaonja utamu, amepima kazi za vimeng'enya viwili kwa macho na ulimi.

Baadaye hufuata uchachu. Sufuria hufunikwa hadi kesho yake, mara nyingi kwa kutiwa togwa kidogo ya jana. Uchunguzi wa togwa ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2003 na J. K. Mugula na wenzake ulikuta humo bakteria wa asidi laktiki wa aina kadhaa pamoja na hamira. Bakteria hao huigawa sukari. Glukosi moja inaweza kutoa asidi laktiki mbili, na ndani ya siku moja pH hushuka chini ya 4. Katika uchachu huo vijidudu vingi vya kuhara hushindwa kustawi.

Faida kubwa ya togwa humfikia mtoto. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mzito hawezi kuumeza wa kumtosha, na ukiongezwa maji anashiba bila kupata nguvu. Kimea hulainisha uji wenye unga mwingi, ukamiminika huku lishe yake imo. Togwa haiponyi kila kitu: sumukuvu iliyomo kwenye nafaka yenye ukungu haimalizwi na uchachu, na ndiyo maana fundi mwema huanza na uchambuzi wa punje, akitupa bila huruma zilizobadilika rangi.

Shuleni wanafunzi wanakariri kwamba amilasi hugeuza wanga kuwa maltosi, nao wengi wamekunywa togwa tangu utotoni bila kuambiwa kuwa ni somo lilelile. Jaribio lake ni rahisi: tone la iodini kwenye uji hutoa rangi ya bluu iliyokoza hadi weusi; kimea kikishafanya kazi, rangi hiyo hufifia. Shule yenye iodini na sufuria inaweza kulifanya wiki hii. Na imwalike mpika togwa wa mtaani aje kulisimamia, aeleze kwa nini aliloweka hivi na kuanika vile, kisha alipwe kama anavyolipwa mwalimu yeyote, kwa kuwa anachofundisha ni kemia.