Ute wa Kifuniko cha Oili

Silinda hedi nyingi zimefunguliwa bure Uasin Gishu kwa sababu ya ute wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Fundi mwenye pupa akiuona tu hutangaza kwamba gasketi imeungua, na spana tayari ziko mkononi. Mimi namvulia kofia yule anayeuona akauliza kwanza: gari hili linalala nje? Huenda umbali gani kwa siku?

Plateau, nje ya Eldoret, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi za Julai huko ni za baridi kweli. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa bomba la moshi, ila mvuke kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni ukashukia kwenye sampu. Oili ikipata moto sawasawa, mvuke huo huvutwa na vali ya PCV, ukarudi kwenye silinda na kutoka na moshi. Lakini gari la kufika dukani na kurudi huzimwa mapema. Mvuke hukutana na kifuniko baridi, hugeuka maji na kuvurugana na oili. Kibaya zaidi ni mazoea ya kung'oa thamostati gari likichemsha. Huku juu, injini isiyo nayo inaweza kushinda kutwa bila kupata moto unaofaa.

Tazama mikono ya fundi stadi. Huchomoa kijiti cha oili na kukikagua juani: kikiwa safi huku kifuniko peke yake kina ute, moyo wake hutulia. Hufungua redieta ikiwa bado baridi, aone kama maji yamepungua au mafuta yanaelea. Hudondosha tone la oili kwenye bati la moto, akatega sikio. Likitatarika, mna maji. Kisha, injini ikinguruma taratibu, huchomoa vali ya PCV na kuziba mdomo wake kwa kidole gumba. Kidole kisiponyonywa, huenda vali au mpira wake umeziba kwa masizi, na hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Kijiti nacho kikiwa na ute na maji ya redieta yanapungua, gari halisogei, na hedi itafunguliwa kwa haki. La sivyo, hufuta kifuniko, hurudisha thamostati kama iling'olewa, hubadilisha oili, kisha humwambia mwenye gari aendeshe safari ndefu, hadi Timboroa na kurudi, ndipo akitazame kifuniko tena.

Wateja wengi hulipia kipuri walichokiona kikifungwa, ule uchunguzi wakauona si kazi. Ukikabidhiwa gari lako zima bila hedi kuguswa, mlipe fundi huyo saa zake zote.